Kisima Chetu Kilipimwa Mwaka wa Shibe

Kila Jumatatu alfajiri, kabla jua halijapata nguvu ya kuwasha pampu, mimi huenda kisimani na vitu viwili: futi kamba ya mita mia moja na kauntabuku. Nimefanya hivyo tangu Januari 2017. Nikisafiri, binti yangu hunishikia zamu. Jumatatu ambazo hazikuandikwa hazifiki kumi, na tano kati ya hizo ni za msiba wa mama yangu.

Kabla ya hapo nilikuwa mweka hazina wa kamati ya maji kwa miaka mitatu, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza maji yako umbali gani chini ya miguu yangu. Naandika haya kwa ajili ya mweka hazina mwingine, au katibu, au mwenyekiti wa kijiji chenye kisima kirefu, ambaye leo anajua hesabu ya fedha lakini hajui hesabu ya maji. Kutojua kulitugharimu siku arobaini na saba bila maji ya kisima.

Kijiji chetu kiko mashariki ya jiji la Dodoma, kwenye nchi ya uwele, mtama, alizeti na zabibu. Mvua tunapata msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka haizidi sana milimita 600. Baada ya hapo ni vumbi. Mto wetu ni korongo: maji hupita siku chache, kisha hubaki mchanga mweupe ambao bibi zetu waliufukua kwa mikono wakisubiri maji yajikusanye kata moja moja.

Kisima tulichimbiwa mwaka 1999, kina mita 84. Nilikuwa darasa la saba. Maji yaliporuka juu ya mashine, walimu walituachia darasa tukakimbia kwenda kuloa. Wataalamu wakakaa wanapampu usiku na mchana huku wakipima maji yanavyoshuka, wakaacha karatasi. Maji yapo mita 14 kutoka juu, kisima kinatoa lita 9,000 kwa saa. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, asitembee zaidi ya mita 400, na kilula kimoja, yaani bomba la kuchotea, kihudumie watu 250. Sisi leo ni kama 2,800, yaani lita 70,000 kwa siku. Kwa karatasi ile, kupampu kwa saa nane tu kunatosha. Ndivyo kila kiongozi aliyepita alivyoamini, na mimi nikiwemo.

Karatasi haikusema kuwa 1999 haukuwa mwaka wa kawaida. Mwaka mmoja nyuma yake tulikuwa na mvua za El Niño za 1997/98. Mtu mzima yeyote wa hapa anazikumbuka: tembe zilianguka, korongo lilijaa wiki kwa wiki, mbuzi walikufa kwa baridi na unyevu. Kisima chetu kilipimwa mwaka wa shibe, kikahukumiwa kuwa kitashiba daima.

Tulikuwa tunachota kwa injini ya dizeli. Kila asubuhi mwendesha mashine alihitaji lita kadhaa za mafuta, na mafuta yalitoka kwenye fedha ya ndoo, shilingi ishirini kwa ndoo ya lita ishirini. Fedha ikipungua, mashine ilizimwa mapema. Tulilalamika sana. Leo naona kuwa dizeli ile ilikuwa mlinzi wa kisima bila sisi kujua, kwa sababu hakuna aliyepampu maji asiyoyahitaji.

Mwaka 2014 mfadhili mmoja alitufungia sola. Nilicheza ngoma siku ile na sijuti, sola ni jambo jema. Lakini tulifanya makosa mawili kwa mkupuo. La kwanza, mkutano wa kijiji ulisema maji ya jua ni bure, ukafuta shilingi ishirini ya ndoo na kuweka mchango wa shilingi mia tano kwa kaya kwa mwezi. Wazee wengi walikulia kwenye maji ya bure ya serikali, ule mpango wa miaka 20 ulioanza 1971, na moyoni hawakuwahi kukubali kuwa maji yanalipiwa. Mwezi wa kwanza kaya mia tatu zililipa. Mwaka wa pili hazikufika arobaini. Kosa la pili lilikuwa kwamba pampu iliwaka jua lilipochomoza na kuzimika lilipozama. Tenki likijaa saa sita mchana, maji yalimwagika hadi jioni. Chini ya tenki ikaota bustani ya mchicha, ng'ombe wakaja, watoto wakaogelea kwenye dimbwi. Wageni walipiga picha, wakasema huu ni mradi uliofanikiwa.

Oktoba 2016 vilula vilianza kukohoa. Ndoo iliyojaa kwa dakika mbili ikawa inajaa kwa kumi, maji yanakuja na hewa, meupe kama maziwa. Tulidhani bomba limepasuka. Tulifukua mtaro mzima kwa siku nne. Siku ya tano pampu ilinyamaza.

Siku arobaini na saba zilizofuata nitazieleza kwa mtu mmoja tu. Binti yangu alikuwa na miaka kumi. Tuliamka saa tisa usiku kwenda korongoni, kwa sababu ukifika alfajiri mashimo yote yana wenyewe. Shimo lilikuwa refu kuliko yeye. Niliteremka mimi, nikajaza kata, nikampa juu, naye akamimina ndooni kupitia kitambaa. Ndoo mbili zilituchukua hadi saa moja asubuhi. Shuleni alikuwa anasinzia, na mwalimu hakumchapa, kwa maana darasa lote lilikuwa linasinzia. Wiki ya tatu akaharisha siku tano. Nilikaa naye usiku nikiwaza kwamba mimi ndiye mweka hazina, na kwenye akaunti ya maji kuna shilingi laki tatu na elfu kumi, na sehemu ya fedha ya zamani ilikopwa kwa shughuli nyingine za kijiji na haikurudi, na nilikuwepo kikaoni ilipokopwa.

Mota ilikuwa imeungua. Fundi aliyekuja kuivuta alikuwa kijana, ametoka mbali kwa pikipiki. Alinisalimia, akauliza, "Mama, mara ya mwisho mlipopima, maji yalikuwa mita ngapi?"

Nikamwambia hatujawahi kupima.

Akanyamaza kidogo. Hakunilaumu, nami namshukuru hadi leo. Akatoa kamba, akafunga kipande cha bomba la chuma, kimezibwa juu na wazi chini, akakishusha kisimani. Kikigusa maji hutoa mlio, po! Ukiinua kidogo na kushusha, mlio unarudi, na hapo ndipo unashika kamba kwa kidole na kusoma. Tulisoma mita 41. Wakati huo pampu ilikuwa imekaa kimya zaidi ya wiki tatu.

Mzee aliyekuwa mwenyekiti wa kamati mwaka 1999 alikuwa bado hai. Alikuwa ameihifadhi ile karatasi ndani ya sanduku la nguo, imefungwa kwa mfuko wa nailoni. Fundi alipoisoma mita 14 alituchorea ardhini kwa kijiti. Watu wa hapa, hata mimi, tuliamini chini kuna bahari na kazi ya mchimbaji ni kuifikia. Hakuna bahari. Chini yetu ni mwamba mgumu wa zamani sana, na maji yapo kwenye sehemu yake ya juu iliyolika na kuwa kama changarawe, na kwenye nyufa chache zilizo chini ya hapo. Tabaka lenye maji mengi kwetu liko kati ya mita 20 na 45. Pampu ilikuwa mita 62. Wakati maji yako mita 14, tabaka lote limelowa na kisima kinatoa lita 9,000 bila shida. Yakishuka hadi 41, tabaka lile karibu lote limekauka, unategemea nyufa, na pampu ileile inayovuta lita 9,000 kwa saa inayashusha maji hadi kwenye mdomo wake na kuanza kunyonya hewa. Mota ya aina ile hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake, na maji yakikosekana huungua.

Kwa hiyo kisima hakikuwa kimekufa, na pampu haikuwa mbovu. Hili nalisisitiza kwa sababu vijiji vingi nilivyotembelea baadaye huchanganya mambo haya mawili. Pampu ikiharibika hununuliwa nyingine kubwa zaidi, nayo huungua mapema zaidi.

Tulichanga. Mota na kifaa cha kuiendesha vilifika shilingi milioni nne na laki sita. Watu waliuza mbuzi. Wa mjini walituma kwa simu. Safari hii tulifunga pampu ndogo, ya lita 5,000 kwa saa, pamoja na boya la kuizima tenki likijaa na kihisi cha kuizima maji yakishuka mno. Fundi akaongeza kitu ambacho hakikuwa kwenye hesabu: bomba jembamba la plastiki lililoteremshwa sambamba na bomba la maji, lenye kifuniko juu, ili futi kamba ipite bila kunasa kwenye nyaya. Bomba lile halikufika shilingi laki mbili. Ukichimbiwa kisima leo, lidai kabla mkandarasi hajaondoka.

Daftari ndilo lililonifundisha mengine yote. Januari 2017 niliandika mita 37 na sentimita 60. Nikangoja mvua kwa hamu. Mvua ikanyesha, Mei nikaandika 37.10. Nilidhani nimekosea, nikapima mara tatu. Nusu mita tu kwa masika mazima! Novemba kiangazi kikawa kimeirudisha na kuchukua zaidi. Mwaka 2018 hivyohivyo. Mvua ya kawaida inatosha kuotesha uwele, inatosha kujaza madimbwi, lakini haifiki kisimani. Udongo mkavu unaimeza, miti inakunywa, jua linachukua iliyobaki. Novemba 2019 nilikuwa mita 38.90 na nilikuwa nimeanza kuogopa.

Kisha ikaja mvua ya 2019/20. Kwa wiki za kwanza daftari halikusogea. Februari likaanza. Machi kila Jumatatu kamba ilikuwa fupi kuliko ile iliyopita. Juni 2020 nikasoma mita 27.30. Maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita kumi na moja kwa msimu mmoja, baada ya miaka mitatu ya kupanda nusu na kushuka moja. Nilikaa pale kisimani nikalia.

Yule fundi, ambaye sasa tunazungumza kama ndugu, ndiye aliyeniambia habari ya Makutupora. Ni bonde la kaskazini ya jiji, ambalo visima vyake vinalilisha maji jiji la Dodoma. Huko kina cha maji kimeandikwa tangu miaka ya 1950, na wanasayansi walioichambua kumbukumbu hiyo walichapisha walichokikuta mwaka 2013: maji ya chini hayaongezwi kidogo kidogo kila mwaka. Huongezwa kwa mkupuo, katika misimu michache yenye mvua kubwa kuliko kawaida, na msimu wa El Niño wa 1997/98 uliyapandisha kuliko yote. Kauntabuku yangu ya shilingi elfu tatu ilikuwa inasema maneno yaleyale.

Nililipeleka jambo hili kwenye mkutano kwa mfano wa kihenge, ghala letu la nafaka. Bibi yangu mzaa baba alisimuliwa na mama yake kuhusu Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo wakati wa vita vya kwanza vya dunia na baada yake, majeshi yalipochukua ng'ombe na nafaka, kisha mvua ikakataa. Kila nyumba hapa inajua maana ya kihenge. Nikasema: kihenge cha maji kiko chini ya ardhi. Kinajazwa mwaka mmoja, na hatujui mwaka wa pili wa kukijaza utakuja lini. Kati ya 1998 na 2020 tulikula bila kuinua kifuniko.

Haikupokelewa kirahisi. Maji yalipopanda, wengi walisema kisima kimepona, turudishe pampu kubwa, turudishe na mchicha. Pampu ndogo ikipampu kwa saa nane hutoa lita 40,000. Kwa watu 2,800 hiyo ni lita kumi na nne kwa mtu, zaidi kidogo tu ya nusu ya ile 25 ya sera. Mama mmoja mwenye watoto wachanga mapacha alisimama akaniuliza kama lita kumi na nne zinafua nepi. Sikuwa na jibu la kumridhisha, na sitajifanya ninalo leo. Tulichofanya ni kuyatenga matumizi. Kisima kirefu kikawa cha kunywa na kupikia tu. Mifugo ikahamia kwenye kisima kifupi tulichojenga kando ya korongo, kwa sababu ng'ombe mmoja anaweza kunywa lita thelathini na zaidi kwa siku, akala sehemu ya watu wawili. Shule na zahanati zikawekewa matenki ya kuvunia mvua ya paa. Shilingi ishirini ya ndoo ikarudi, baadaye ikawa thelathini, na fedha inasomwa kwa sauti kila mkutano, mbele ya waliochanga mbuzi zao. Tangu sheria ya maji ya 2019 na kuanzishwa kwa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, tumeunganishwa na vijiji jirani kuwa chombo kimoja chenye mhasibu na fundi wa kuajiriwa. Hilo limesaidia. Hakuna tena kukopa fedha ya maji.

Kuna waliosema dawa ni kuchimba zaidi. Tulijaribu. Kisima cha pili kilifika mita 120 na kukuta mwamba mkavu, na maji kidogo yaliyotoka yalikuwa na chumvi hata mbuzi waliyanusa wakaondoka. Chini zaidi hakuna ahadi.

Mwaka 2021 daftari lilinionyesha kitu kingine. Maji yalikuwa yanashuka kwa kasi kuliko tulivyokuwa tunachota. Mita mia tatu kutoka kwetu mwenye shamba la zabibu alikuwa amechimba kisima cha umwagiliaji. Vijana walitaka kwenda na mapanga. Nilimwendea na kauntabuku. Nilimwomba azime pampu yake siku mbili tu, nami nipime asubuhi na jioni. Akakubali. Maji yetu yalipanda sentimita themanini. Nikamwonyesha namba, akaziangalia muda mrefu, akasema, "Mama, kumbe tunanyonya titi moja." Leo anamwagilia kwa matone, na kuanzia Septemba hadi mvua inapoanza anapampu siku tatu kwa wiki.

Katika mazungumzo yale niliona aibu moja: yeye alikuwa na kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde, kama Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inavyotaka. Kijiji hakikuwa nacho. Kwenye kumbukumbu za serikali, kisima chetu cha tangu 1999 kilikuwa kama hakipo. Tumekipata kibali sasa. Ulizeni kama mnacho.

Suala la mchanga ndilo bado linaninyima usingizi. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 jiji linajengwa usiku na mchana, na tipa zinakuja kwenye korongo letu. Mchanga ule ndio sifongo yetu. Mafuriko yakipita juu yake, sehemu yanazama na kukaa, na kuteremka taratibu kwenda kwenye mwamba uliolika. Ukiubeba, unabaki udongo mgumu, na maji ya ile mvua moja kubwa tunayoingojea kwa miaka yatapita mbio kwenda kwa wengine. Kijiji kimetunga sheria ndogo na kufunga mita mia sita za korongo karibu na kisima. Lakini tipa hulipa fedha taslimu, na vijana wanaopakia ni wanetu wasio na kazi nyingine. Usiku nasikia injini.

Mvua za 2023/24 zilitujaza tena. Juni 2024 niliandika mita 20.60, namba ndogo kuliko zote tangu nianze. Jumatatu iliyopita ilikuwa 22.90. Binti yangu ndiye aliyeshusha kamba, sasa ana nguvu na sikio zuri kuliko langu, akasikia po! kabla yangu.

Jumamosi kuna mkutano. Kaya mia moja na ishirini zimeomba kuvutiwa maji nyumbani, na wana haki ya kuomba. Nimechora mstari wa daftari kwenye karatasi kubwa ya manila, miaka yote, ili hata asiyejua kusoma aone unavyopanda kwa ghafla na kuteremka polepole. Binti yangu ameongeza nukta nyekundu mahali pampu ilipoungua. Nilimuuliza kwa nini nyekundu. Akasema ile ndiyo wiki aliyokuwa anaharisha.